Kila Kiumbe na Mahali Pake: Mafunjo ya Luiche na Mikoko ya Pwani

 

Ndugu Waislamu, wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wanapolieleza neno dhulma hawaanzi na kofi wala wizi. Husema kwamba asili ya dhulma ni kukiweka kitu mahali pasipokuwa pake. Hakimu anayempa mwizi haki ya aliyeibiwa amekiweka kitu mahali pasipo pake. Mzazi anayemtweka mtoto mzigo wa mtu mzima naye amefanya hivyo hivyo. Maana hii ni pana kuliko tunavyodhani, na leo napenda tuipeleke mahali ambapo kwa nadra huifikisha mimbarini: kando ya maji, kwenye mafunjo, matete na samaki.

Anayetoka Kigoma mjini kwa njia ya Mwandiga kwenda Kidahwe, pale barabara inapogawanyika, moja ikishika Kasulu na nyingine Uvinza, huvuka bonde la mto Luiche. Abiria wengi hawaugeuzii hata shingo. Ni mto mdogo ukiulinganisha na Malagarasi, na hauna maporomoko ya kupigia picha. Lakini ufuate mto huo hadi unapomwaga maji yake ziwani, kusini mwa Ujiji, utaona jinsi unavyopunguza mwendo, unavyojigawa vijito, na unavyopotea ndani ya mafunjo na matete kabla ya kuonana na ziwa. Sehemu hiyo ndiyo ninayoizungumzia. Wapo wanaoiita pori la mbu, wapo wanaoiona shamba lililochelewa kulimwa, na wapo wanaoiona dampo la kutupia wasichokitaka. Ni wachache wanaoiona kuwa kiungo cha ziwa lenyewe, kama mlango ulivyo kiungo cha nyumba.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470. Wataalamu wanakadiria kuwa limebeba karibu asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa ardhi pasipo kuganda. Mtu akisikia takwimu hizo hudhani utajiri wake hauna mwisho. Kumbe hewa ya oksijeni katika ziwa hili haishuki zaidi ya mita 100 hadi 200 kutoka juu. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Uhai wote wa ziwa umo katika tabaka la juu na katika kingo zake. Kisha maji yanaingia kwa mito mingi, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kupanda hewani kama mvuke, nayo yale yaliyochanganyika nayo, yakiwa tope, mbolea au sumu, hubaki. Kinachoingizwa katika ziwa hili kinakaa humo kwa vizazi.

Kwa hiyo Mola amejaalia kichujio mlangoni. Mafunjo na matete hupunguza kasi ya mafuriko, tope likatua kwenye mizizi yake badala ya kwenda kuyafunika mawe na mchanga ambako samaki wa kingoni hutaga na kujificha. Watafiti waliochunguza upande wa kaskazini wa ziwa katika miaka ya mwanzo ya 1990 walikuta kwamba mahali palipojaa tope lililoporomoka kutoka vilimani pana aina chache zaidi za samaki na viumbe wengine kuliko mahali ambapo milima bado ina miti. Humo humo katika mimea ya kingoni ndimo sangala wachanga wanamojificha kabla ya kwenda maji makubwa. Anayekula sangala Kigoma mjini, hata kama hajawahi kukanyaga Luiche, amekula kilicholelewa na kingo za namna hii.

Ndugu zetu wa pwani wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Wao wana mikoko. Mdomoni mwa mto Rufiji kuna msitu wa mikoko wenye hekta zaidi ya 50,000, mkubwa kuliko mingine yote ya Afrika Mashariki, na kazi yake ni ile ile: kushika tope, kuvunja nguvu ya maji, kulea kambamiti na samaki wachanga. Waswahili wa pwani hawakuuita msitu huo kwa jina moja wakaishia hapo. Wametenga mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi, na wanajua kwamba mlilana husimama mbele kabisa ukitazamana na bahari, na mkandaa hupenda kukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Kila mmoja ana safu yake kama watu katika swala. Katika nchi kadhaa duniani zimefanyika kampeni za kupanda mikoko kwa maelfu, mbele ya kamera, kwa mche wa aina moja tu na katika tope lisilo lake; miche ikafa, na fedha zikawa zimekwisha. Nia njema haikutosha pale ambapo mahali palikuwa pamekosewa.

Huko Rufiji kumetokea pia jambo ambalo mkulima wa Luiche anapaswa kulisikia. Mikoko ilikatwa ili kupisha mpunga. Miaka ya mwanzo mavuno yalikuwa mazuri, kwa kuwa udongo ulikuwa na rutuba iliyokusanywa na mikoko ile ile. Baada ya misimu michache magugu na kaa wakaushinda mpunga, mkulima akahamia kipande kingine na kukata upya. Mwisho wake huwa ni mkulima ambaye bado ni masikini na msitu ambao haupo.

Nasema haya nikijua vizuri kwamba mama anayelima mpunga au mchicha katika bonde la Luiche si mhalifu. Ana watoto. Ardhi ya vilimani imechoka, mvua haina ahadi, na bondeni kuna unyevu hata wakati wa kiangazi. Huwezi kumwambia mtu mwenye njaa kwamba matete ni muhimu kuliko mtoto wake, na sheria ya Kiislamu haikuja kwa ajili hiyo. Lakini tutofautishe. Kukata matete kwa ajili ya uzio au kuezekea si sawa na kung'oa mizizi. Kulima nyuma ya ukanda wa mafunjo si sawa na kulima hadi maji yanapogusa jembe. Na kuchoma moto bonde zima ili kupata eneo la robo eka ni jambo ambalo hata kwa hesabu za duniani halina faida, maana moto hauulizi mpaka wa shamba.

Fiqhi yetu ilikwishalitazama jambo hili kabla haijawapo wizara ya mazingira popote. Wanazuoni walizungumzia harimu, yaani eneo linalozunguka kisima, chemchemi au mto, ambalo halimilikiwi na mtu wala halijengwi, ili maji yasidhuriwe na wanaoyahitaji wasizuiwe njia. Neno hilo linatokana na mzizi mmoja na haramu, nalo lina uzito huo huo wa kuzuiliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Wengi wetu tukisikia mita 60 tunaona ni maneno ya maofisa. Nadhani tungeyapokea vingine lau tungejua kwamba ni harimu ile ile ya vitabu vyetu, imevaa suti tu.

Kadhalika tuna himaa, ardhi inayohifadhiwa kwa maslahi ya wote. Mtume (SAW) aliihifadhi Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (RA) naye aliweka himaa katika zama zake, na agizo alilompa msimamizi wake, aliyeitwa Hunay, linapaswa kusomwa na kila anayeandika sheria ndogo za halmashauri. Alimtaka amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mwangalifu na mifugo ya matajiri, akiwamo Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, kwa sababu tajiri akipoteza mifugo ana mashamba ya kurudia, ilhali masikini akipoteza wake atamjia Khalifa na wanawe akiomba. Tazama uadilifu huo! Katika siku zetu mara nyingi hutokea kinyume: mama mwenye vitalu vitatu vya mboga anafukuzwa na mgambo, kisha mwenye fedha anaonyeshwa bonde hilo hilo kwa gari lenye kiyoyozi. Hifadhi ya namna hiyo haitadumu, kwa kuwa wanaopaswa kuilinda ndio watakaokuwa wa kwanza kuichukia. Ikiwa ukanda wa mafunjo utawekewa mipaka, basi wa kwanza kupewa kipande nyuma ya mpaka wawe hao waliokuwa ndani yake.

Hayo ni upande mmoja wa dhulma, wa kuondoa kilichopo mahali pake. Upande wa pili ni wa kuleta kisicho mahali pake, nao una hatari zaidi, kwa sababu anayekata mti anajua amekata, lakini aliyeleta mmea mgeni mara nyingi hudhani amepamba.

Gugu maji asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya zambarau. Watu walilibeba kwa mikono yao na kulipanda katika mabwawa ya bustani. Huko kwao lina wadudu na wanyama wanaolila, likakaa kwa adabu. Lilipofika kwetu halikumkuta adui hata mmoja. Katika Ziwa Victoria lilianza kuonekana karibu na mwaka 1989, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha lilikuwa limetanda karibu hekta 20,000. Meli zilikwama bandarini, wavuvi wa Kisumu na Mwanza walishindwa kusukuma mitumbwi, maji chini ya zulia hilo yakakosa hewa, na konokono wa kichocho wakapata makazi mapya. Ikabidi kutafutwa wadudu aina ya vifukusi kutoka huko huko Amerika ya Kusini, wakaachiliwa katika ziwa kwa ruhusa za serikali zote tatu katikati ya miaka ya 1990, ndipo gugu likapungua. Halikuisha. Mbegu yake hukaa katika tope miaka hata 20 ikisubiri. Na mwaka 2025 gugu jingine geni, liitwalo salvinia, lilisumbua vivuko vilivyokuwa vikivusha watu kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza.

Ziwa letu halijafikia huko. Lakini gugu maji limekwisha kuonekana upande wa Burundi, jirani na Bujumbura na mdomo wa mto Rusizi, na kutoka Kibirizi boti huenda Burundi na Kongo na kurudi. Gugu halihitaji pasipoti. Kipande kimoja kilichonasa kwenye wavu au chini ya boti kinatosha, kwa kuwa hujizaa kwa vichipukizi na laweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Na mahali litakapopendelea kutua ni pale pale penye maji yaliyotulia na yenye mbolea, yaani katika vijito vya Luiche, hasa pale ambapo matete yamekwisha kuondolewa na samadi ya mashamba inashuka moja kwa moja. Dhulma moja humfungulia mlango mwenzake.

Suala la samaki ni gumu zaidi, maana hapa kuna fedha halali. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 na watu waliotaka kuongeza kitoweo, wala hawakuwa na nia mbaya. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa. Viwanda vya minofu vilijengwa, dola zikaingia, na familia nyingi zikajenga nyumba. Wakati huo huo aina zipatazo 200 za furu, samaki wadogo ambao hawapatikani popote pengine duniani, zilitoweka au zikakaribia kutoweka. Ngege wa Victoria, ambaye wazee walimsifu kwa ladha, alisukumwa pembeni na sangara pamoja na sato wa Naili aliyeletwa katika miaka ile ile. Mimi si miongoni mwa wanaosema sangara hakuleta chochote ila hasara. Ninachosema ni kwamba uamuzi uliofanywa mara moja na watu wachache haukuweza tena kutenguliwa na yeyote, hata na wale walioujutia.

Sisi wa Tanganyika tusijione tumekaa pembeni, kwani samaki wetu pia wamesafirishwa. Aina moja ya dagaa wetu ilipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako leo wanaitwa sambaza, na katika miaka ya 1960 ikapelekwa bwawa la Kariba, ambako wanaitwa kapenta. Kote kuwili wamewalisha watu wengi, na bwawa la Kariba, likiwa limetengenezwa na binadamu, lilikuwa na maji makubwa yasiyo na samaki wa kuyajaza. Kwa hiyo si kila mgeni ni balaa. Miembe ya Ujiji, ambayo chini yake husimuliwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, asili yake ni Bara Hindi. Mchikichi, ambao mtu wa Kigoma akiukosa hana la kujisifia, asili yake ni misitu ya magharibi mwa Afrika. Muhogo umetoka Amerika. Hakuna mwenye akili atakayetaka tuving'oe. Vimekaa shambani, vinamtii mwenye shamba, havikuvamia ziwa.

Mfano unaonishangaza kuliko yote ni wa mkoko wenyewe. Visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, havikuwa na mikoko kabisa. Mwaka 1902 kampuni ya sukari iliipanda katika kisiwa cha Molokai ili ishike tope lililokuwa likiporomoka kutoka mashambani. Ilishika tope, ni kweli. Kisha ikaenea kisiwa hadi kisiwa, ikaziba mabwawa ya kale ya kufugia samaki ambayo wenyeji waliyajenga kwa mawe, ikafunika madimbwi ambayo ndege wa majini wa visiwa hivyo waliyategemea. Leo huko watu wanaokota misumeno kwenda kuikata mikoko, na wanahesabiwa kuwa wahifadhi. Rufiji anayechukua msumeno kuikata mikoko anahesabiwa kuwa mharibifu. Wote wawili wanahukumiwa sawasawa. Miti ni ya jamaa moja, mizizi hufanya kazi ile ile, kilichotofautiana ni mahali.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu najua maneno kuhusu wageni hutumiwa vibaya. Asije mtu akayachukua haya na kuyaelekeza kwa binadamu. Ujiji ni mji wa waliokuja: Wamanyema, Wabwari, Wagoma, watu wa pwani na Waarabu, wakakutana na Waha na wenyeji wengine, wakaoana, wakajenga misikiti. Mkoa wa Kigoma umewapokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo kadhaa. Binadamu ana akili, ana ahadi, na Mwenyezi Mungu amemkirimu. Gugu maji halina ahadi na mtu.

Turudi ziwani. Hivi sasa ufugaji wa samaki unahimizwa kote nchini, kwa mabwawa na kwa vizimba, na ni jambo jema. Mwaka 2024 Tanzania, pamoja na jirani zake wa ziwa hili, ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Nyumba nyingi za Ujiji, Katonga na Kibirizi zilijua mwezi huo wa kwanza ulivyokuwa mrefu. Mvuvi aliyekaa miezi mitatu bila mapato akisikia habari ya bwawa la samaki lazima atege sikio. Hapo ndipo penye hatari. Anayechimba bwawa katika bonde linaloshuka kwenda Luiche, akaagiza vifaranga kutoka Mwanza au kwingine bila kuuliza ni samaki gani, ajue kwamba siku moja mafuriko yatalipita bwawa lake. Bwawa la bondeni halina ukuta mbele ya mvua ya masika. Wale samaki watakwenda ziwani, na kama ni wa jamaa ya perege wataweza kuzaana na perege wa humu hadi asili ipotee. Majirani zetu wa Zambia walileta kamba wa maji baridi kutoka Australia kwa ajili ya ufugaji. Kufikia miaka ya 2000 alikuwa ametoroka, na sasa yumo katika mto Kafue na bwawa la Kariba akila kila anachokikuta, hadi samaki walionaswa nyavuni. Zambia ina ufukwe wake katika ziwa letu. Baba anayetaka kufuga aende kwanza kwa ofisa uvuvi wa wilaya au kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI kilichopo Kigoma, aulize samaki wa asili ya ziwa hili anayefaa, na achimbe juu ya alama ya mafuriko.

Kuhusu alama hiyo ya mafuriko, wazee wa Ujiji ni walimu kuliko ramani. Ziwa hili hupanda na kushuka. Mto Lukuga ulipozibuka mwaka 1878, maji yalishuka kwa takriban mita 10 katika muda usiozidi miaka 20, na ndiyo maana mnara wa Livingstone leo uko mbali na ufukwe. Katika miaka ya 1960 yalipanda. Tangu mwaka 2020 yamepanda tena, yakaingia nyumba za watu Kigoma na Ujiji, na kule Burundi yakaihamisha mitaa mizima ya Gatumba. Nyanda za mafunjo ni nafasi ambayo ziwa limejiwekea la kupumulia. Tukiijaza nyumba, maji yakirudi kuchukua nafasi yake tunasema ni balaa limetufika, na hatukumbuki nani aliyemtangulia mwenzake hapo.

Kuna hadithi mashuhuri iliyopokewa na Nuuman bin Bashir (RA) na kusimuliwa na Imamu Bukhari. Mtume (SAW) alitoa mfano wa watu waliopiga kura ya nafasi katika jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakiwasumbua wa juu kila walipopanda kuteka maji, wakaona bora watoboe tundu upande wao. Wa juu wakiwaachia, wataangamia wote. Wakiwazuia, wataokoka wote. Wazee waliosafiri kwa Liemba hawahitaji kufafanuliwa mfano huu. Lakini tuangalie jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: wale wa chini walikuwa na haja ya kweli. Walikuwa na kiu. Makosa ya wa juu huanza pale wanapolalamikia usumbufu wa ngazi bila kumteremshia mwenzao ndoo. Mkazi wa mjini anayelaani uharibifu wa Luiche, huku mchele wake na mchicha wake vinatoka humo kwa bei ya chini, ajiulize ndoo yake ni ipi.

Mfano wa ndoo upo. Kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wa vijiji vingi walikitegemea, na palikuwa na baruti na njia nyingine haramu za uvuvi. Asasi moja ya Kiislamu ya mazingira yenye makao yake Birmingham, Uingereza, pamoja na shirika la CARE, zilikaa na maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi, wakaizungumza hifadhi ya bahari kwa hoja za Qur'ani na Sunna badala ya faini peke yake, na wavuvi hawakufungiwa kisiwa chote bali walishirikishwa kuamua wapi pavuliwe na wapi paachwe. Na huko Gazi, pwani ya Kenya, tangu mwaka 2013 wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wao wa Mikoko Pamoja, wakilipwa kwa hewa ya ukaa inayozuiwa na msitu huo. Fedha zimeingia katika maji ya bomba na shule. Sidai kwamba Luiche itauza hewa yake kesho. Nadai kwamba mwanakijiji akiona faida mkononi hahitaji mgambo.

Malagarasi, kaka mkubwa wa Luiche, iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Pamoja na Muyovozi ni zaidi ya kilomita za mraba 32,000, na ilikuwa ya kwanza Tanzania kupata hadhi hiyo. Ni heshima kubwa, lakini orodha ya kimataifa haimzuii mtu wa Kidahwe kupanda mikaratusi juu ya chemchemi. Huo nao ni mti wa Australia. Una faida ya nguzo na kuni ukipandwa mlimani penye ukame wake, na una kiu isiyofaa kabisa penye jicho la maji.

Basi kamati za misikiti ya Ujiji, Kigoma na Kidahwe zina nafasi ambayo ofisi hazina, kwa kuwa watu wanakutana hapo mara tano kwa siku. Walimu wa madrasa wawaonyeshe watoto picha ya gugu maji, jani lake nene linalong'aa, shina lililovimba kama kibofu na ua la zambarau, ili mtoto anayeoga ziwani alitambue na asilipeleke nyumbani kwenye ndoo kwa ajili ya uzuri wake. Wenye boti wazikague nyavu na matumbo ya boti wanaporudi kutoka Bujumbura, Rumonge au Uvira. Gugu likionekana Luiche, liondolewe siku hiyo hiyo kwa mikono, pamoja na mizizi, lianikwe mbali na maji hadi likauke, na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi viarifiwe ili parudiwe kila wiki. Likiwa la kujaza kapu, ni kazi ya vijana wanne baada ya swala ya alasiri. Likifikia la kujaza boti, itakuwa kazi ya halmashauri na bajeti yake. Likifikia la kujaza ghuba, tutawapigia simu watu wa Kisumu na Mwanza watueleze walifanya nini, na wao watatuuliza tulikuwa wapi wakati lilipokuwa kapu.